Maswali ya Wasomaji: Akili za Watoto na Kazi ya Mwalimu Darasani

Katika toleo lililopita niligusia, kwa aya moja tu, nadharia ya akili anuwai, yaani hoja kwamba akili ya binadamu haiwezi kuelezwa kwa alama moja ya mtihani kwa sababu ni jamii ya uwezo wa namna mbalimbali. Aya hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala yote iliyoizunguka. Nimechagua sita, nimezifupisha bila kugeuza maana, na nimeyaondoa majina ya waandishi kama wengi wao walivyoomba.

Makundi manane, kazi nane

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Katika semina ya walimu tulipewa dodoso la kubaini aina ya akili ya kila mwanafunzi. Tulielekezwa tuwagawe watoto katika makundi manane kufuatana na majibu yao, na kila andalio la somo liwe na kazi nane, moja kwa kila kundi. Darasa langu lina wanafunzi 60. Nimefanya hivyo kwa wiki tatu. Nimechoka, na kwa kweli sioni kama watoto wanaelewa zaidi kuliko mwanzo. Ninakosea wapi? (Mwalimu wa darasa la nne)

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kosa limo katika maelekezo uliyopewa, wala halimo katika bidii yako, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu barua zinazofanana na yako ndizo zilizokuwa nyingi kuliko zote.

Nadharia hii iliasisiwa na Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, aliyeitangaza mwaka 1983. Kabla ya hapo alikuwa na kazi mbili zilizokwenda sambamba: aliwachunguza watu wazima walioumia ubongo, na alichunguza jinsi watoto wanavyokua katika sanaa. Kwa wagonjwa wa namna hiyo huonekana jambo ambalo alama moja ya akili haiwezi kulieleza. Mtu aliyepigwa na kiharusi akapoteza uwezo wa kuzungumza anaweza kubaki na uwezo wa kuimba, na mwingine anayezungumza vizuri kabisa akapotea njia ndani ya jengo analolifahamu. Ikiwa uwezo mmoja unaweza kuharibika na mwingine ukabaki mzima, Gardner alihoji, tuna sababu gani ya kuuita wote kwa jina moja? Akataja akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya kutambua maumbo na nafasi, ya muziki, ya mwili na mwendo, ya kuwaelewa watu wengine, na ya kujielewa mwenyewe. Katika miaka ya 1990 aliongeza ya nane, ya kutambua na kuainisha viumbe na vitu vya asili.

Sasa zingatia jambo ambalo hakulisema. Hakusema kwamba kuna watoto wa aina nane. Alisema kila mtu anazo akili zote, kwa viwango vinavyotofautiana, na kwamba karibu kila kazi ya maana maishani hutumia kadhaa kwa wakati mmoja. Anayepasua mgonjwa hutumia mikono, macho, lugha ya kuwaelekeza wenzake na hesabu ya dawa, yote katika dakika moja. Kumweka mtoto katika kundi la "akili ya muziki" na kumpa kazi za muziki tu ni kumnyima mazoezi ya akili nyingine saba alizonazo.

Dodoso nalo lina dosari yake. Humwuliza mtoto anapenda nini, na kupenda si kuweza. Mtoto anayejibu kwamba anapenda kuimba amekueleza jambo la kweli kuhusu furaha yake. Hajakueleza kama anaweza kutofautisha sauti mbili zinazokaribiana, sembuse namna atakavyoelewa somo la sehemu. Gardner mwenyewe amelazimika kuandika zaidi ya mara moja kwamba akili anuwai zisichanganywe na mitindo ya kujifunza, ile dhana kwamba huyu hujifunza kwa kuona, yule kwa kusikia, na wa tatu kwa kutenda. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani wakiongozwa na Harold Pashler walizipitia tafiti zilizohusu dhana hiyo, na hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba mtoto huelewa zaidi akifundishwa kwa mtindo unaodaiwa kuwa wake.

Ushauri wangu ni kwamba uache kuanza na jina la akili ya mtoto, uanze na mada na mahali inapokwama. Nikupe mfano wa sehemu, kwa kuwa unafundisha darasa la nne. Mtoto huona 1/8 na 1/4, na kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 4, husema thumuni ni kubwa kuliko robo. Kosa hilo ni la mantiki kabisa, kwani mtoto anatumia kanuni ya namba nzima aliyofundishwa miaka mitatu mfululizo, na hakuna maelezo ya ubaoni yanayoing'oa kwa urahisi. Gawa vipande vyembamba vya karatasi vyenye urefu sawa, kila mtoto chake. Waambie wakunje mara moja, wahesabu sehemu; wakunje tena, wahesabu; wakunje mara ya tatu. Mkunjo wa tatu huwa mgumu, karatasi imenenepa na kila sehemu imebaki kama upana wa vidole viwili. Hapo usiseme neno. Mwache mtoto aikunjue na kuikunja tena, aone kwamba hesabu ya sehemu inapanda kutoka 2 hadi 4 hadi 8 huku kila sehemu ikipungua mbele ya macho yake. Nakumbuka msichana mmoja aliyekuwa hanyooshi mkono kamwe, ambaye katika somo hili alimgeukia jirani yake, wala si mimi, akasema: "Namba imekua, lakini kipande kimesinyaa." Kwa maoni yangu sentensi hiyo inashinda fasili yoyote niliyowahi kuiandika ubaoni.

Baada ya hapo kila mtoto amweleze mwenzake kwa maneno yake. Kisha chora mstari kutoka 0 hadi 1, waonyeshe mahali pa nusu, robo na thumuni. Muda ukiruhusu, darasa lipige makofi manne kwa mapigo yaliyo sawa, halafu manane ndani ya muda uleule, wasikie jinsi kila kofi linavyopata nafasi fupi zaidi. Mwisho waandike 1/8 < 1/4. Hesabu ni akili ngapi zimetumika: mikono, macho, lugha, sikio, mwenzake, mantiki. Na wanafunzi wote 60 wamepita milango yote, kwa kuwa kila mlango umechaguliwa kwa ajili ya kosa lililokuwapo katika mada. Kuna mada ambazo milango miwili inatosha, na nyingine ambayo mlango mmoja ulio mzuri unatosha. Kanuni ya kazi nane kwa kila kipindi itupilie mbali bila kujuta.

"Ana akili ya mikono"

SWALI: Mwanangu ana umri wa miaka 11. Hufungua redio iliyokufa, akaichokonoa hadi ikalia tena, lakini kusoma na hesabu ni shida tupu. Mwalimu wake aliniita akaniambia kwamba mtoto huyu ana "akili ya mikono", kwa hiyo nisimsumbue na hesabu, kila mtu na kipaji chake. Mwanzoni nilifurahi kusikia mtoto wangu akisifiwa. Sasa nalala na wasiwasi. (Mama wa watoto wawili)

JIBU: Mama, wasiwasi wako una msingi, na nakuomba usiuzime. Sifa aliyopewa mtoto wako imegeuka kuwa ruhusa ya kumwacha nyuma, jambo linaloniumiza kila ninapolisikia kwa sababu husemwa kwa nia njema.

Tuanze na hiyo redio. Mtoto anayefufua redio hajatumia mikono peke yake. Amedhani kwamba tatizo liko mahali fulani, amejaribu, amekuta siko, ameondoa uwezekano mmoja na kubaki na michache, na amekumbuka kila skrubu ilitoka wapi. Huko kote ni kufikiri kwa mantiki kwa mpangilio ulio mkali. Ukimwambia ana akili ya mikono, umemficha sehemu kubwa ya akili aliyoitumia, naye ataamini kwamba hesabu ni za watoto wengine.

Kuna historia fupi inayofaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga mtihani wa kwanza wa akili uliotumika kweli, kwa lengo la kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni ili wasaidiwe. Miaka minne baadaye Binet aliandika kwa ukali dhidi ya wale waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichokwisha kupangwa kisichoweza kuongezwa. Alifariki mwaka 1911. Mwaka uliofuata Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa kiakili ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa, na mwaka 1916 Lewis Terman wa Marekani akaeneza hesabu hiyo ikiwa imezidishwa kwa 100, hivi kwamba mtoto wa miaka 8 anayejibu kama wa miaka 10 akawa na alama 125. Chombo kilichoundwa ili kumsaidia mtoto kikawa njia ya kumpachika namba, na kwa watoto wengi namba hiyo ikawa hukumu. Gardner aliandika nadharia yake kwa kuipinga hukumu ya namna hiyo. Kumhukumu mtoto kwa jina la "mikono" badala ya alama hakumsogezi popote.

Gardner na mwenzake David Feldman walianzisha mwaka 1984 mradi wa kuwachunguza watoto wadogo wa shule za awali bila kuwapa karatasi za maswali. Miongoni mwa kazi walizowapa ilikuwa kufungua na kuunga upya vifaa kama mashine ya mkono ya kusagia. Walitafuta mahali mtoto alipo na nguvu, kisha wakajenga daraja kutoka hapo kuelekea kwenye yale yanayomshinda. Hilo la daraja ndilo mwalimu wa mwanao amelisahau.

Nakushauri mambo mawili, na la kwanza ni la haraka. Mtoto wa miaka 11 anayetatizika kusoma achunguzwe macho na masikio, na akutane na mtaalamu anayeweza kubaini kama ana disleksia, ambayo ni ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake na haina uhusiano wowote na upungufu wa akili. Mtoto wa namna hiyo huhitaji kufundishwa herufi na sauti kwa utaratibu na kwa kurudiarudia, na hakuna kipaji cha fundi kinachoweza kuchukua nafasi ya mafunzo hayo. La pili, itumie redio. Achore mpangilio wa ndani kabla hajafungua, aandike jina la kila sehemu, apime urefu wa waya, aandike hatua zake kwa mistari mitano ili mtu mwingine aweze kuzifuata. Mistari hiyo itakuwa na makosa mengi ya tahajia mwanzoni; isomeni pamoja, msahihishe machache kila mara. Na rudi kwa mwalimu, kwa upole, umwombe asimwondolee hesabu.

Mhadhiri anakana, kitabu kinasifu

SWALI: Ninasomea ualimu mwaka wa pili. Kitabu chetu cha saikolojia ya elimu kinaisifu nadharia ya akili anuwai kana kwamba imethibitishwa, lakini mhadhiri mmoja ametuambia waziwazi kwamba wanasayansi wengi hawaikubali. Nimuamini nani? (Mwalimu mtarajiwa)

JIBU: Mwanangu, mhadhiri wako yuko karibu zaidi na ukweli, ingawa kauli yake inahitaji kukamilishwa.

Ubishi huu ni wa zamani kuliko Gardner. Mwaka 1904 Charles Spearman wa Uingereza aligundua kwamba mwanafunzi anayefanya vizuri katika somo moja huelekea kufanya vizuri katika mengine, na hata katika kutofautisha sauti za juu na za chini. Akahitimisha kwamba nyuma ya masomo yote ipo akili moja ya jumla. Mwaka 1938 Louis Thurstone wa Marekani alimjibu kwa kutenganisha uwezo wa msingi wa aina saba. Mvutano huo uliendelea hadi mwaka 1993, John Carroll alipochambua upya takwimu za tafiti zaidi ya 460 na kuchora picha ambayo watafiti wengi wa upimaji wanaitegemea hadi leo, iliyo kama jengo la ghorofa tatu: juu kabisa akili ya jumla, katikati uwezo mpana wa aina kadhaa, na chini uwezo mdogo mdogo mwingi. Ukitazama jengo hilo utaona kwamba Spearman na Thurstone wote wawili wamepata chumba ndani yake.

Gardner alipita njia nyingine. Hakutegemea mitihani; aliweka vigezo vinane, kama vile uwezo huo kuweza kuharibika peke yake ubongo unapoumia, kuwapo kwa watu wenye kipaji cha ajabu katika eneo hilo moja, na kuwa na alama zake za kuandikia, kama nota katika muziki. Wakosoaji wake husema vigezo hivyo vinaruhusu hukumu ya mtu binafsi mno, na kwamba baadhi ya akili alizozitaja ingefaa ziitwe vipaji. Mwaka 2006 Beth Visser na wenzake nchini Canada waliwapima watu wazima 200 kwa majaribio yaliyogusa maeneo yote manane. Walikuta kwamba majaribio ya lugha, mantiki, maumbo, maumbile na uelewa wa watu yalielekea kwenda pamoja, kama Spearman angetarajia, huku ya mwili na mwendo yakijitenga zaidi.

Kwa hiyo ukiulizwa katika mtihani kama akili nane zinazojitegemea zimethibitishwa, jibu la uaminifu ni hapana. Lakini usiishie hapo. Kwenda pamoja kwa alama ni mwelekeo unaoonekana katika kundi kubwa la watu. Hakukwambii lolote la uhakika kuhusu mtoto mmoja aliyeketi mbele yako, ambaye anaweza kuwa mbali sana katika eneo moja na nyuma katika jingine. Na Robert Sternberg, katika nadharia aliyoitoa mwaka 1985, alisisitiza jambo ambalo hata wapinzani wa Gardner wengi hawalikatai, kwamba uwezo wa kuchambua ndio unaolipwa zaidi na mitihani ya shule, huku ubunifu na akili ya kutatua mambo ya kila siku vikibaki bila kuonekana. Ninavyoona mimi, thamani ya Gardner kwa mwalimu ni kwamba alimfanya amtazame upya mtoto aliyekwisha kumkatia tamaa. Usiifanye thamani hiyo kuwa ramani ya ubongo.

Wimbo kwa kila somo

SWALI: Je, nikiwaimbisha wanafunzi jedwali la kuzidisha, nimetumia akili ya muziki? (Mwalimu wa hisabati)

JIBU: Umetumia muziki kama kamba ya kufungia kumbukumbu, jambo lisilo baya, ila jua mipaka yake. Mwulize ghafla mtoto aliyejifunza kwa wimbo saba mara nane ni ngapi, utaona midomo yake ikianza kuchezacheza kutoka saba mara moja, kwa kuwa hawezi kuufikia mstari wa nane bila kupitia saba iliyotangulia. Mwaka 1995 Gardner alilalamikia shule zilizocheza muziki nyuma ya somo au kuwafanya watoto wapunge mikono, kisha zikasema zinatumia nadharia yake. Mimi hujiuliza swali moja: mtoto anapofanya kitendo hiki, anafikiri juu ya nini? Akiwa anafikiri juu ya mada, kitendo ni cha somo. Akiwa anafikiri juu ya kitendo chenyewe, ni burudani. Katika somo la ushairi, kupiga makofi kuhesabu mizani 16 ya mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao, ni kiini cha somo, kwa sababu mtoto anayekosea kofi amekosea shairi.

Akili ya hisia

SWALI: Je, akili ya hisia inayozungumzwa sana siku hizi ni mojawapo ya zile nane? (Msomaji)

JIBU: Hapana, ingawa ni jirani yake. Dhana hiyo ilitolewa rasmi mwaka 1990 na Peter Salovey na John Mayer, na ilienea duniani mwaka 1995 kupitia maandishi ya Daniel Goleman. Inagusa akili mbili za Gardner, ya kuwaelewa wengine na ya kujielewa, lakini inashughulika hasa na kuzitambua hisia na kuzitawala. Mtu anaweza kuwasoma watu vizuri na akautumia ujuzi huo kuwadanganya, kwa hiyo nawaomba walimu wasiichanganye na tabia njema.

Kufundisha kwa njia nyingi, kupima kwa njia moja

SWALI: Walimu wangu wameanza kufundisha kwa michoro, maigizo na majaribio, na watoto wamechangamka. Lakini mwisho wa muhula tunawapa karatasi ya maswali kama kawaida, na wale waliochangamka hawafanyi vizuri. Je, tunawadhulumu? Na kama tukibadili upimaji, tutajuaje kwamba kweli wameelewa? (Mkuu wa shule)

JIBU: Mkuu, maswali yako mawili yanapaswa kujibiwa pamoja, kwa sababu wengi hulijibu la kwanza kwa huruma na kulisahau la pili.

Kwanza amueni mnapima nini. Kama mnapima uandishi, mtoto aandike. Hakuna igizo linaloweza kuchukua nafasi ya insha. Kama mnapima uelewa wa jinsi maji yanavyogeuka kuwa mvuke, maandishi ni chombo tu cha kufikishia uelewa huo, na mtoto mwenye uandishi dhaifu anaweza kuwa na uelewa ambao karatasi imeuficha. Hapo ni haki kumruhusu achore, aeleze kwa mdomo, au afanye jaribio mbele ya mwalimu, kisha aandike kadiri anavyoweza. Lakini asiachiwe kuandika moja kwa moja, kwani mitihani ya taifa na maisha yenyewe yatamdai maandishi, na mazoezi ya kuhamisha uelewa kutoka kwenye mchoro kwenda kwenye aya ni kazi ya shule.

Pili, mchoro mzuri unaweza kuficha ujinga vilevile kama insha nzuri iliyokaririwa. Niliwahi kupokea mchoro wa mzunguko wa maji uliopakwa rangi kwa ustadi mkubwa, mawingu yamevimba, mto unang'aa, na mishale yote ilitazama chini. Nilikuwa nimekwisha kuandika alama ya juu kabisa kwa kalamu nyekundu. Ni baada ya kumwuliza yule mvulana, "Maji yaliyokuwa kwenye kitambaa kilichoanikwa yamekwenda wapi?" ndipo aliponijibu kwa uhakika kabisa kwamba yamenywewa na kitambaa. Mchoro ule haukuwa na mshale hata mmoja wa kupanda, na mimi, mwalimu wake, sikuuona upungufu huo kwa sababu nilivutiwa na rangi. Tangu siku hiyo sikutoa alama kwa mchoro, igizo wala kielelezo chochote bila swali moja la mdomo linalomtoa mtoto nje ya alichokiandaa. Swali hilo lisiwe la kurudia somo. Liwe la jambo jipya linaloelezwa na kanuni ileile.

Wasiwasi kwamba upimaji wa namna hii unakula muda ni wa kweli, na sitaupuuza. Haiwezekani kumhoji kila mtoto katika kila mada. Waagize walimu wako wawe na daftari moja la kumbukumbu, lisilo la alama, ambalo kila siku wataandika kuhusu watoto watatu: tarehe, alichofanya mtoto, alichosema kwa maneno yake mwenyewe. Wasiandike "ni mvivu" wala "ana kipaji", waandike "ameshindwa kusoma swali, lakini nilipomsomea amelijibu kabla sijamaliza." Sentensi kama hiyo humwambia mwalimu wa mwaka ujao aanzie wapi, kwani inaonyesha kwamba hesabu anaijua na kusoma ndiko kunakomkwamisha. Kwa darasa la wanafunzi 60, watoto watatu kwa siku humaliza darasa zima katika siku 20 za masomo. Waanze na wale ambao mwalimu, akifumba macho sasa hivi, hawezi kukumbuka leo walikuwa wameketi wapi.